Vali, Vumbi na Oili: Injini za Kisasa katika Uwanda wa Kati

Umezuka mjini Dodoma na katika wilaya zinazouzunguka usemi ambao umeenea kiasi cha kuchukuliwa kuwa ni kanuni: kwamba magari yenye maandishi ya VVT-i juu ya mfuniko wa injini ni magari ya pwani na ya lami, na kwamba mtu wa huku bara, mwenye safari za Kongwa, Kondoa, Mpwapwa au Manyoni, afadhali ajitafutie gari la zamani lisilokuwa na "umeme mwingi". Usemi huo hutamkwa na madereva, huungwa mkono na baadhi ya mafundi, na mwishowe humfikia mnunuzi aliyekusanya akiba ya miaka kadhaa ili apate Toyota IST au Noah iliyokwisha kutumika Japani. Nia ya makala haya ni kuupinga usemi huo. Lakini kuupinga kwa haki kunadai kwanza tueleze ni kitu gani hasa kinachobishaniwa, kwa maana wengi wanaoilaumu teknolojia hii hawajapata kuelezwa inafanya kazi gani, nami sidhani kwamba lawama ni yao.

Injini ya petroli ya kawaida hufanya kazi kwa hatua nne, kama alivyoionyesha Nikolaus Otto kule Ujerumani mwaka 1876. Pistoni hushuka na kufyonza hewa iliyochanganyika na petroli; hupanda na kuibana; cheche ya plagi huiwasha na mlipuko ukaisukuma pistoni chini; kisha pistoni hupanda tena na kuutoa moshi. Milango ya kuingizia hewa na kutolea moshi ndiyo vali. Vali hizo husukumwa na mhimili wenye nundu, ambao mafundi huuita kamshafti. Neno nundu linafaa kabisa hapa, kwani umbo lile halina tofauti kubwa na nundu ya ng'ombe wetu: mhimili unapozunguka, nundu huikandamiza vali ikafunguka, na nundu ikipita, springi huirudisha vali ikafunga. Mhimili wa nundu huzunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya mhimili mkuu, yaani krenkishafti, na miwili hiyo hufungamanishwa kwa mnyororo au mkanda. Ufungamano huo ndio unaoitwa taimingi.

Hadi hapo jambo ni rahisi, na vitabu vingi vya shule huishia hapo. Tatizo lenyewe huanza pale tunapouliza vali ya hewa ifunguliwe lini na ifungwe lini. Mwanafunzi atajibu upesi kwamba ifunguliwe pistoni ianzapo kushuka, na ifungwe pistoni ifikapo chini. Jibu hilo lingekuwa sahihi kama hewa isingekuwa na uzito. Lakini hewa ni maada, nayo, kama maada nyingine zote, ikisimama haipendi kuanza kwenda, na ikienda haipendi kusimama.

Msomaji na afikirie lango la zizi wakati wa magharibi. Kundi la ng'ombe likija kwa mbio, mchungaji hawezi kulifunga lango mara tu aonapo kwamba zizi limejaa, maana wa nyuma wanawasukuma wa mbele, na akisubiri kidogo wataingia wengine kumi ambao hakuwatazamia. Bali siku ambayo kundi linakuja polepole, kila ng'ombe akisimama kunusa nyasi, mchungaji akichelewa kulifunga lango wale waliokwisha kuingia watageuka na kutoka. Lango ni lile lile, zizi ni lile lile, ila wakati mwafaka wa kufunga umebadilika kwa sababu mwendo wa kundi umebadilika.

Ndivyo ilivyo ndani ya silinda. Injini ikizunguka mara 600 kwa dakika, yaani gari limesimama linanguruma tu, kila hatua ya pistoni huchukua sehemu 50 za elfu moja za sekunde. Ikizunguka mara 6,000, hatua ile ile huchukua sehemu 5 tu. Katika mwendo huo wa pili hewa hupita kwenye njia yake kwa kasi kuliko upepo wowote wa Agosti uliopata kuvuma Dodoma, na hata pistoni ikiisha kufika chini na kuanza kupanda, hewa huendelea kujisukuma ndani kwa nguvu za mwendo wake. Kwa hiyo inapasa vali ichelewe kufunga. Lakini kuchelewa huko huko, injini ikiwa katika mwendo mdogo na dereva ameikanyaga petroli apande kilima, huiacha pistoni iirudishe hewa nje kupitia mlango ulioingilia. Gari litakuwa zito, halivuti, na dereva atasema injini imechoka.

Lipo na jambo la pili, nalo ni gumu zaidi. Mwishoni mwa hatua ya kutoa moshi na mwanzoni mwa hatua ya kufyonza, kwa kitambo kidogo vali zote mbili huwa wazi kwa pamoja. Kitambo hicho tukiite mwingiliano. Katika mwendo mkubwa mwingiliano ni neema, kwa kuwa moshi unaotoka kwa kasi huivuta hewa mpya nyuma yake, kama lori lipitalo barabara ya vumbi linavyovuta majani makavu. Katika mwendo wa wastani, mwingiliano wa kadiri hubakiza moshi kidogo ndani ya silinda, na moshi huo hupunguza joto la mwako na gesi chafu za naitrojeni. Lakini gari likiwa limesimama linanguruma, mwingiliano mkubwa ni balaa: moshi hurudi kwenye njia ya hewa, mwako huharibika, na injini hutetemeka kama mgonjwa wa malaria.

Kwa zaidi ya miaka mia moja wahandisi walilazimika kuchagua wakati mmoja na kuushikilia. Aliyetaka gari la mashindano alichelewesha vali na kuuvumilia mtetemo. Aliyetaka gari la familia au lori la mizigo aliziwahisha akaacha nguvu za mwendo mkubwa zipotee. Kila injini ilikuwa suluhu ya lazima baina ya mahitaji yasiyopatana. Teknolojia tunayoizungumzia haikufanya zaidi ya kumruhusu mchungaji kulifunga lango kwa kuangalia mwendo wa kundi.

Na wazo lenyewe si geni katika ardhi hii. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, ilipitiwa kwa miaka mingi na garimoshi za mvuke. Dereva wa garimoshi hizo alikuwa na kishikio cha kubadilisha wakati wa kuukata mvuke usiingie tena kwenye silinda. Akiupanda mlima kutoka Kilosa kuelekea Gulwe, aliuacha mvuke uingie kwa sehemu kubwa ya safari ya pistoni ili apate nguvu. Akifika kwenye tambarare aliukata mapema, mvuke ukafanya kazi kwa kutanuka wenyewe, na maji na kuni au mafuta yakaokolewa. Mitambo ya kazi hiyo ilibuniwa Ulaya katika miaka ya 1840, na ule wa Mbelgiji Egide Walschaerts wa mwaka 1844 ndio ulioenea zaidi duniani. Tofauti ni kwamba kwenye garimoshi akili ya kuchagua wakati ilikuwa kichwani mwa dereva na mkono wake ndio uliokuwa ukitenda. Wazee wetu waliozitumikia garimoshi hizo walilielewa jambo hili vizuri kuliko wahitimu wengi wa leo, na hawakulisoma kwa Kiingereza.

Katika magari, Alfa Romeo ndiyo iliyotangulia kuuza gari lenye mtambo wa namna hii, mwaka 1980. Nissan ikafuata mwaka 1987, na mwaka 1989 Honda ikaleta mfumo wake wa VTEC, ambao huhama kutoka nundu ndogo kwenda nundu kubwa, yaani hubadili si wakati wa vali peke yake bali na kina cha kufunguka kwake. Toyota ilianza na mtambo wa ngazi mbili mwaka 1991, kisha mwaka 1995 ikatoa VVT-i, ambayo hubadili wakati bila ngazi, kidogo kidogo, kadiri injini inavyohitaji. Huo wa mwisho ndio ulioingia katika magari madogo yaliyojaa barabara zetu, na ndio nitakaoueleza.

Mbele ya mhimili wa nundu lipo gurudumu lenye meno linalozungushwa na mnyororo. Katika injini ya zamani gurudumu hilo limekazwa kwenye mhimili, haliwezi kucheza. Katika VVT-i gurudumu limefanywa kuwa kama chungu kipana chenye vyumba ndani yake, na mhimili umefungiwa kitu mfano wa pangaboi lenye mapezi mafupi, kila pezi likikaa katika chumba chake. Oili ya injini ikisukumwa upande mmoja wa mapezi, mhimili hutangulia mbele ya gurudumu. Ikisukumwa upande wa pili, hurudi nyuma. Uhuru wa kwenda na kurudi hautoshi hata robo ya mzunguko: ni takriban nyuzi 40 hadi 60 zikipimwa kwenye mhimili mkuu. Inafaa tuelewe kwamba mtambo huu hauongezi muda wa vali kukaa wazi, unauhamisha tu. Ni kama mwenye duka aliyezoea kufungua saa mbili asubuhi na kufunga saa kumi na mbili jioni: akiamua kufungua saa moja, atafunga saa kumi na moja.

Anayeamua ni kompyuta ya injini. Hupokea habari kutoka kwa vihisio: kasi ya mhimili mkuu, mahali ulipo mhimili wa nundu, kiasi cha hewa kinachoingia, joto la maji, na dereva amekanyaga petroli kwa kadiri gani. Baada ya hapo hupeleka umeme kwa kivali kidogo kinachoendeshwa na sumaku, ambacho huigawa oili kwenda upande huu au ule. Gari likisimama linanguruma, kompyuta huuacha mhimili nyuma kabisa, mwingiliano ukawa mdogo na injini ikatulia. Kwamba vali inachelewa kufunga si hoja hapo, kwa kuwa injini haina haja ya hewa nyingi. Dereva akikanyaga ili apande, mhimili hutangulizwa, vali ikafunga mapema na hewa haikurudishwa. Mwendo ukizidi sana, mhimili hurudishwa tena kwa kiasi fulani ili kundi linalokuja kwa mbio liingie lote. Injini ikizimwa, pini ndogo huufunga mtambo mahali pake pa mwanzo ili siku ya pili usigongegonge kabla oili haijapanda. Kelele ya sekunde moja au mbili asubuhi, ambayo wenye magari hulalamikia, mara nyingi ni pini hiyo iliyolika.

Sasa turudi kwenye madai kwamba mtambo huu haufai uwanda wa kati. Dodoma ipo kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni pungufu kwa karibu asilimia 12 kuliko ya Dar es Salaam. Tuchukue injini ya lita 1.5. Kwa kila mizunguko miwili, kama silinda zake zote zingejaa barabara, pale Dar es Salaam katika joto la nyuzi 30 ingevuta takriban gramu 1.75 za hewa. Hapa Dodoma katika nyuzi 25 ingevuta gramu 1.55. Hizo gramu 0.2 zilizopotea hazirudishwi na teknolojia yoyote ya vali, na muuzaji anayesema kwamba VVT-i huondoa tatizo la mwinuko anasema uongo. Mchungaji hodari hawezi kuingiza zizini ng'ombe ambao hawapo. Lakini palipo na upungufu ndipo inapostahili kukikamata kidogo kilichopo bila kukimwaga, na hiyo ndiyo kazi ya mtambo huu.

Na gari la zamani, lile linalosifiwa? Kaburata yake hupima petroli kwa mvuto wa hewa inayopita, haijui hewa hiyo ina uzito gani. Ikirekebishwa Dar es Salaam na kuletwa Dodoma bila kuguswa, mchanganyiko wake huwa na petroli iliyozidi kwa karibu asilimia 6: plagi huvaa masizi, moshi huwa mweusi na fedha huungua bure. Gari lenye kompyuta huipima hewa na kujirekebisha lenyewe njiani, pengine kabla halijaimaliza Gairo. Kwa upande wa mwinuko, basi, usemi wa vijiweni umekaa kichwa chini miguu juu.

Hata hivyo usemi huo haukuzuka bure, na mtu wa sayansi asiyewasikiliza madereva atakosa mengi. Ni kweli kwamba magari haya huharibika huku, na ni kweli kwamba mtambo wa vali ni miongoni mwa vinavyolalamikiwa. Sababu ni oili.

Katika injini ya zamani oili ilikuwa na kazi ya kulainisha, kupoza na kusafisha. Ikichakaa, injini ililika polepole na mwenyewe hakutambua kwa miaka mingi. Katika injini ya VVT-i oili imepewa kazi ya nne: imekuwa msuli. Ndiyo inayousukuma mhimili wa nundu, na hupita katika njia nyembamba, kupitia chujio dogo la wavu lisilozidi ncha ya kidole, hadi kwenye kivali ambacho nafasi zake ni finyu mno. Tope kidogo lililoganda, ambalo injini ya mwaka 1980 isingelihisi kabisa, hutosha kukifanya kivali hicho kikwame. Oili ikiwa nzito kupita kiasi, mhimili huchelewa kuitika. Kompyuta imeamuru nyuzi 20, baada ya muda uliowekwa inakuta zimefika 8, na taa ya injini inawaka. Oili ikiwa pungufu au imekuwa nyepesi kwa kuchakaa, msukumo unakosekana na matokeo ni yale yale.

Hapo ndipo Dodoma inapoingia. Mvua yetu ya mwaka mzima ni kiasi cha milimita 570, nayo hunyesha yote, kwa kawaida, baina ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ardhi ni kavu, upepo ni mkali, na vumbi lake si la unga tu bali lina chembe za mchanga ngumu kuliko chuma cha silinda. Chujio la hewa likiziba, wapo wanaolikung'uta ukutani hadi likatoboka, na wapo wanaoliondoa kabisa "ili injini ipumue". Injini hupumua kweli, hupumua mchanga. Sehemu ya mchanga huo hupita kando ya pistoni na kuingia kwenye oili. Ongeza safari fupi fupi za mjini, kutoka Area C hadi sokoni na kurudi, ambazo haziipi oili nafasi ya kupata joto la kutosha kuufukuza unyevu na petroli iliyoingia ndani yake. Watengenezaji huziita hali hizo matumizi magumu, na aghalabu hushauri umbali wa kubadili oili upunguzwe kwa kiasi cha nusu. Kwa hiyo mtu wa Dodoma anayejivunia kwamba oili yake imekwenda kilomita 10,000 anajivunia deni.

Kuhusu uzito wa oili sitamwamuru mtu aina moja, kwa sababu kila injini ina haki yake na kitabu cha gari ndicho hakimu. Lakini desturi ya kutia oili nzito sana ili kuinyamazisha injini inayopiga kelele, hasa gari linapotaka kuuzwa, ni hila. Mnunuzi huondoka na injini iliyonyamazishwa, na baada ya wiki chache taa ya njano humweleza alichonunua.

Mambo gani hufuata gari likifikishwa gereji? Katika gereji bubu nyingi, na hata katika baadhi ya zile zenye mabati mapya na ubao wa matangazo, fundi husoma namba ya hitilafu kwa mashine ndogo, kisha huagiza kivali kipya. Kisiposaidia, huagiza gurudumu la mbele. Lisiposaidia, huagizwa kompyuta. Mwishoni hushauriwa waya wa kivali uchomolewe tu, "gari itatembea". Ni kweli itatembea: mhimili utabaki nyuma ulipofungwa na pini, na mwenye gari atamiliki injini yenye wakati mmoja, uliochaguliwa kwa ajili ya kusimama na kunguruma, ambayo haivuti na inakula mafuta. Amelipia vipuri vitatu ili arudishwe kabla ya mwaka 1980.

Nami nina hakika kwamba fundi huyo si mjinga wala si mwizi, ingawa wezi hawakosekani katika kazi yoyote. Amenyimwa maelezo. Akiisha kuelewa kile kisa cha mwingiliano, anaweza kuupima mtambo wote kwa dakika chache bila mashine yoyote. Injini iwe ya moto, inanguruma mahali pake. Achomoe soketi ya kivali, na kwa nyaya mbili akipe kivali hicho umeme wa betri ya gari kwa kitambo kidogo tu. Mtambo ukiwa mzima, oili itausukuma mhimili mbele, mwingiliano utaongezeka wakati usiotakiwa, na injini itatetemeka au kuzima. Hiyo ni habari njema: kivali ni kizima, njia za oili zi wazi, mapezi yanafanya kazi, na ugonjwa utafutwe kwenye nyaya na vihisio. Injini isipobadilika hata kidogo, akifungue kivali, apime ukinzani wake, ambao katika injini nyingi za Toyota ni takriban omu 7, alitoe lile chujio la wavu na kulitazama kwenye mwanga. Mara nyingi ugonjwa utakuwa umelala humo, mweusi kama lami, na dawa yake ni kuosha na oili mpya. Maelezo haya yamechukua aya moja. Thamani yake kwa mwenye gari ni tofauti baina ya gharama ya lita nne za oili na gharama ya nusu injini.

Uwanda huu umekwisha kulipa mara moja gharama ya mitambo iliyoletwa bila maarifa. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha Kongwa mpango wa kulima karanga, wakikusudia ekari zaidi ya milioni 3 katika Tanganyika. Walileta matrekta mengi yaliyokwisha kutumika vitani, wakayakabidhi kwa madereva waliofundishwa kwa haraka, katika ardhi ambayo kiangazi huwa ngumu kama saruji na ambayo mchanga wake huyala majembe. Katika miezi michache sehemu kubwa ya matrekta ilikuwa imelala mbovu. Mpango ulivunjwa mwaka 1951, baada ya kuigharimu hazina ya Uingereza pauni zipatazo milioni 36. Wanahistoria hutaja ukame, na wana haki. Lakini matrekta hayakuvunjwa na ukame.

Wapo watakaosema kwamba nazungumzia mambo yanayokufa. Treni ya umeme imekuwa ikifika Dodoma tangu mwaka 2024, nayo haina vali hata moja. Pikipiki na magari ya umeme yanakuja. Ya nini basi kujisumbua na nundu na oili? Hoja hiyo huipenda zaidi mtu ambaye gari lake huhudumiwa na ofisi. Gari lililotengenezwa Japani mwaka 2006 na kuingia nchini baadaye lingali linabeba wagonjwa na alizeti kati ya Kibaigwa na vijiji vyake, na yale yanayoteremka bandarini mwaka huu yatakuwa barabarani miaka mingi ijayo. Isitoshe, gari la umeme nalo litataka fundi anayeelewa sababu ya kila kifaa, tena pale kosa halitamchafua mikono bali litamuua.

Jambo ninalolidai ni dogo, nalo liko ndani ya uwezo wa taasisi tulizonazo. Magari mengi ya mtumba kutoka Japani huja na kitabu cha Kijapani, kama kitabu hakikupotea njiani. Maelezo ya gereji, kwa anayebahatika kuyapata, ni ya Kiingereza. Kijana aliyemaliza elimu ya msingi kwa Kiswahili na kuingia gereji akiwa na miaka kumi na sita hana lugha yoyote kati ya hizo mbili kwa kiwango cha kumfikisha kwenye neno kama mwingiliano wa vali. Tuna Baraza la Kiswahili la Taifa tangu mwaka 1967. Tuna vyuo vya VETA, kimojawapo hapa hapa Dodoma. Tuna vyuo vikuu vyenye wahandisi, na mimi ni mmoja wa wanaolipwa kwa kazi hiyo. Tumekuwa tukiandika makala za kusomwa na wenzetu wa ng'ambo, ambao wanajua tayari, na kwa hayo hupandishwa vyeo. Mhadhiri akiandika kijitabu cha Kiswahili kwa ajili ya mafundi, hakuna kamati ninayoijua itakayokihesabu. Hilo libadilishwe kwanza, kwa kuwa halihitaji fedha.

Kisha kiandikwe kijitabu kimoja cha kurasa zisizozidi 40 juu ya injini tano au sita zilizoenea zaidi nchini, kwa maneno ambayo mafundi wenyewe huyatumia pale yanapoeleweka, na maneno mapya pale tu yanapokosekana. Kabla hakijachapwa kisomwe kwa sauti katika gereji kumi za Dodoma, Singida na Manyoni, na kila sentensi itakayomfanya fundi akunje uso irudiwe kuandikwa. Bei yake isizidi ya plagi moja. Na picha ya kwanza, katika ukurasa wa kwanza, iwe ya lile chujio dogo la wavu, kwa ukubwa wake halisi, pamoja na mshale unaoonyesha mahali lilipofichwa.